Yamepauka, Hayajafa

Maisha yake yote ya kazi aliyachunguza matumbawe, na dada yake alizoea kumtania kwamba anajua majina ya mawe kuliko ya wapwa zake. Si mawe, alikuwa akijibu. Ni viumbe hai vidogo vidogo, vimejijengea nyumba na kukaa humo. Ofisi yake kwenye kituo cha utafiti ilinuka chumvi na mpira: suti ya kuzamia ilining'inia nyuma ya mlango ikidondosha maji kwenye beseni, na hadubini mezani ilifunikwa kwa foronya kuukuu.

Mwaka ule bahari ilipopata joto kupita kiasi, alizama akakuta mwamba mzima mweupe. Mgeni angedhani ni makaburi. Yeye alisogea karibu, akaona vidole vya vile viumbe, vyembamba kama nyuzi, bado vinacheza. Matumbawe yakizidiwa na joto hupauka, lakini hayafi papo hapo. Ni kama mgonjwa aliyezirai, akipozwa huenda akaamka.

Halmashauri ya mji ikamwita. Alipoanza kueleza maana ya kupauka, mwenyekiti, mtu wa mizaha, akamkatiza.

"Daktari, usituzungushe. Yako hai au yamekufa?"

Aliwatazama. Wawili walikuwa wameinamia simu zao. Akaona "yamepauka" litawapita kama habari ya pazia lililofuliwa vibaya. Akatafuta neno la kuwashtua, ili wazuie nyavu na nanga kabla mambo hayajaharibika.

"Yamekufa," akasema.

Kweli walishtuka, mmoja hata alimpa pole. Kisha mhandisi wa bandari akauliza, kwa upole kabisa, kama ni hivyo, kuna ubaya gani njia mpya ya meli ikachimbwa hapo hapo badala ya kuzunguka mbali? Hakuna aliyeona ubaya. Yeye akasimama haraka kujisahihisha: alimaanisha yamepauka, yanaweza kurudi.

"Mama, rambirambi tumeshatoa," mwenyekiti akasema. "Sasa maiti anaamka anaomba chai?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Naye akatabasamu, na tabasamu lile humuuma mpaka leo.

Kabla mashine hazijafika alizama mara ya mwisho. Kwenye ncha za matawi rangi ya kahawia ilianza kurudi, hafifu kama doa la kutu kwenye shuka. Alipiga picha, akazungusha picha hizo ofisi kwa ofisi. Kila mahali alipewa kiti, akasikilizwa, akakumbushwa maneno yake mwenyewe.

Sasa meli hupita pale. Mumewe humwambia ulimi hauna mfupa, aache kujitesa. Hata angesema nini, wale wangechimba tu. Yeye humsikiliza huku akimenya viazi. Huenda ni kweli. Ila alipoulizwa, neno la kweli hakuwapa nafasi ya kulikataa.