Kola Haina Mwalimu

Watu wanaosema nguo ni nguo tu hawajawahi kukaa meza moja na mjomba wangu. Mimi nimekaa, au tuseme nimesimama nyuma yake nikikunja mashuka, na hadi leo nikikumbuka mwili unanisisimka. Alikuwa dobi. Mtaani walimwita Pasi Moto, ingawa mwenyewe alikuwa mpole, hapandishi sauti hata mteja akimtupia koti lililolowa mafuta ya gari na kulitaka kesho yake.

Jumamosi mchana, tukishafunga duka, alizima pasi, akaacha blanketi lake juu ya meza ya kupigia, na watu wakaja kucheza poka. Kwa asiyeujua, huo ni mchezo wa karata wa kufichana. Unazishika zako kifuani. Mwenye nzuri anajifanya hana kitu, asiye na kitu anajitutumua, na kila mmoja anaongeza dau mpaka wenzake waogope na kuweka karata chini. Dau letu lilikuwa vifungo, vile vinavyodondoka kwenye nguo na kukosa mwenyewe. Usicheke. Nimewahi kumwona mtu mzima na ndevu zake akisusa chai kwa sababu ya vifungo vya koti.

Mjomba hakuhangaika na nyuso. "Uso una mwalimu," alipenda kusema. "Tangu utotoni mama anakwambia cheka, nyamaza, usinune mbele ya wageni. Kola haina mwalimu." Basi yeye alitazama kola, mifuko, magoti ya suruali, visigino vya viatu. Muuza nyama wa duka la jirani, jitu la miraba minne, alikuwa na mfuko wa shati uliolegea upande mmoja. Mjomba aliuona siku ya kwanza, jamaa hajakaa hata vizuri kitini, akaninong'oneza: "Akipata karata mbovu, mkono utakwenda pale." Karata zikagawiwa, mkono ukaenda pale, ukatafuta kalamu ambayo haikuwepo. Kinyozi naye kola yake ilichakaa kushoto tu. "Akisema uongo anageuza shingo," mjomba akasema. Kinyozi akaongeza dau, akageuza shingo kushoto. Mimi si mtu wa kushangaa ovyo, lakini siku hiyo niliangusha shuka.

Alikuwa na sharti moja. Nguo iliyofuliwa dukani kwake, yeye haisomi. Alisema mtu akikuletea nguo chafu amekuvulia siri zake, na kuzibeba siri hizo mpaka mezani ni kuchungulia. Wajanja wakalishika sharti hilo haraka. Kinyozi na muuza nyama, ambao miaka yote walifuliwa na wake zao, ghafla wakawa wateja wetu wakubwa, na kila Jumamosi wakaja wamevaa mashati yaliyotoka mikononi mwetu. Mjomba alilijua hilo fika. Aliwafulia, akawatoza, kisha akacheza nao kwa bahati nasibu kama binadamu wengine.

Kwa mgeni, hata hivyo, hakukuwa na msamaha. Binti yake, binamu yangu, aliyekuwa akipiga pasi naye tangu alipoweza kuifikia meza, aliwahi kuposwa na muuza viatu. Suti nzuri, maneno matamu, mama kafariki, dada hana. Mjomba akamkaribisha mezani, akacheza naye raundi chache tu, akamsindikiza mlangoni kwa heshima zote. Halafu akamwambia binti yake: "Pindo la suruali yake limeshonwa kwa mkono, mishono midogo midogo ya mtu mwenye subira. Fundi wa mashine hana muda huo. Mama hana, dada hana. Nani anamshonea?" Binamu alilia, akamwita baba yake mchawi. Haukupita muda, tukasikia muuza viatu ana mke na watoto mji mwingine. Tangu hapo hakuna aliyebisha. Mimi nilimwogopa mjomba kidogo, nakiri, nikaanza kuvaa magauni mapya nikienda kwake.

Ndipo akaja fundi bomba. Alikuja kuziba bomba letu lililokuwa likivuja, likaacha kuvuja, naye akaendelea kuja kulikagua. Binamu akawa anamwekea chai. Mwenye macho haambiwi tazama. Mama wa binamu alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, kwa hiyo neno lilikuwa moja tu, la baba, na baba akalitoa: "Aje Jumamosi. Acheze."

Wiki ile binamu hakula vizuri. Nilimwambia asiwe na wasiwasi, kijana anaonekana mtu wa watu. Akanikata kauli: "Unafikiri naogopa baba akosee? Naogopa hatakosea."

Jumamosi ikafika. Fundi bomba akaingia, akaamkia kila mtu mara mbili kwa woga, akakaa. Shati jeupe. Kinyozi na muuza nyama wakajongea wasipitwe na kitu. Mjomba akavaa miwani, akaanza pale anapoanzia siku zote, kwenye kola, akashuka begani, akafika mkononi. Akasimama hapo. Akaivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Sasa madobi wote wa mtaa ule hupiga mstari kwenye mkono wa shati, kutoka begani mpaka kiganjani. Sisi hatupigi. Mjomba aliuchukia mstari ule, akatufundisha kuuvisha mkono wa shati kwenye kibao chembamba na kuuzungusha, ukitoka ni laini pande zote. Mikono ya shati la fundi bomba haikuwa na mstari.

"Shati hili limepigwa pasi kwenye meza hii," mjomba akasema. "Nani kalipiga?"

"Mimi, baba," binamu akajibu kutoka kwenye kaunta.

"Na unalijua sharti langu."

"Nalijua. Ndiyo maana nimelifua na kulipiga."

Kinyozi akasema "Lo!" halafu akajifanya anakohoa. Mjomba hakugeuka. "Kwa nini, mama? Una jambo lake unalolificha?"

"Sina. Ila wewe ukishasema, baba, mimi siwezi tena kumwona kwa macho yangu. Nitamwona kwa yako maisha yote."

Nilidhani ataliondoa sharti lake. Ni lake, aliliweka mwenyewe, na aliyeposwa ni mwanawe wa pekee. Mjomba akapapasa blanketi kwa vidole. Kisha akasema, "Haya. Gaweni karata."

Sijawahi kumwona mtu akiteseka vile kwa mchezo. Alicheza akiinamisha macho asije akaona kiatu. Mwishoni wakabaki wawili, yeye na fundi bomba. Mimi nilikuwa nyuma ya mjomba, nikaziona karata zake: wafalme watatu, karata nzito za kushinda. Fundi bomba akasukuma vifungo vyake vyote katikati ya meza. Mjomba ikambidi afanye asilolizoea, akamtazama kijana usoni. Akatazama sana. Ule uso ulikuwa umetulia tuli.

"Naacha," mjomba akasema, akaweka wafalme wake chini.

Fundi bomba akafunua zake. Hazikuwa na kitu. Takataka tupu! Muuza nyama alicheka mpaka meza ikatikisika, kisha akaona uso wa mjomba, akanyamaza.

"Umenidanganya," mjomba akasema taratibu. "Kwangu. Machoni pangu."

"Si ndio mchezo, mzee?" Kijana alikuwa ameanza kutoka jasho. Nikajua mambo yameharibika, posa imekwenda na maji.

Mjomba akageuka kwa binti yake. "Wewe ulijua kwamba hana kitu?"

"Nilijua."

"Kwa kuona nini? Shati umelisafisha wewe, halina kitu."

"Akidanganya, haongezi neno. Siku nyingine zote huwezi kumnyamazisha." Binamu akaja mpaka mezani. "Alipokosea kuliziba lile bomba mara ya kwanza akasema amelimaliza, alinyamaza hivi hivi. Nikamwambia rudi kalifungue. Akarudi. Nimeshamsoma, baba. Kila siku, tangu siku ya bomba. Yote nimeyaona, mazuri na mabaya, na bado namtaka."

Mjomba alimtazama binti yake kana kwamba ndiyo kwanza anaingia dukani. Mzee aliyesoma mtaa mzima, na msomaji mwingine alikuwa amekua chini ya pua yake bila yeye kumwona. Nilimwona akimeza machozi, wala hakujificha.

"Kijana," akamwambia fundi bomba, "mwanangu amekuchagua, nami sina neno. Ila nakuonya kama baba: usije hata siku moja ukacheza naye karata."

Fundi bomba akacheka, akidhani ni utani. Sisi wengine hatukucheka.