Penalti Niliyompokonya Masanja

Ipo siku moja ya ujana wangu ambayo hadi leo naikumbuka na vumbi lake, mwanangu. Timu ya kijiji chetu cha Lusu ilikuwa inacheza nusu fainali na vijana wa Nzega mjini, na mshindi angekwenda Tabora kucheza fainali. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilivaa jezi namba tisa na nilijiona mtu mkubwa kweli.

Hadi dakika za mwisho tulikuwa tumefungwa bao moja, hatujarudisha. Ndipo beki wao akaushika mpira ndani ya eneo la hatari, mwamuzi akapuliza filimbi. Penalti! Watu wetu waliokuja na lori wakaanza kukumbatiana kana kwamba bao limeshaingia.

Mpigaji wetu alikuwa kapteni, Masanja, fundi baiskeli, kijana mpole asiyekuwa na maneno mengi. Mwalimu wa timu alishampanga yeye tangu mwanzo wa mashindano, na hakuwa amekosa hata moja. Akauchukua mpira, akaupangusa kwa jezi yake. Mimi nikamfuata. Pembeni ya uwanja alisimama binti niliyetaka kumposa, pamoja na kaka zake wawili. Sitakuficha, mwanangu, macho yangu yalikuwa kwao, hayakuwa golini.

"Nipe nipige mimi," nikamwambia.

"Shija, mwalimu amesema nipige mimi."

"Lete bwana, leo mguu wangu uko vizuri."

Nikauvuta mpira mikononi mwake. Angeweza kukataa, lakini tungeonekana tunagombana mbele ya umati, kwa hiyo akaniachia. Nikarudi nyuma hatua nyingi kuliko kawaida, nikaja mbio, nikapiga kwa nguvu zangu zote. Mpira ukapaa juu ya mtambaapanya, ukaangukia kwenye shamba la alizeti nyuma ya goli. Golikipa wao hata hakuruka.

Mechi ikaisha pale pale. Wenzangu walikaa chini, wengine wanalia. Mimi sikumpa mtu mkono. Nilirudi nyumbani, na kesho yake nikachukua baiskeli, nikaelekea Choma kwa shangazi yangu Nyamizi, dada yake baba. Nikamwambia nimekuja kumsaidia kuchunga ng'ombe. Akanipa ugali na maziwa ya mgando, hakuniuliza kitu.

Nilikaa kule wiki tatu. Nilijua Lusu wananisema, nikajiambia waache waseme, watachoka. Kumbe hawakuwa wananisema mimi. Waliokuwa pembeni ya uwanja walichoona ni Masanja ananiachia mpira, basi. Wakasema kapteni aliogopa, akamtupia mwenzake mzigo. Wakawa wanapita kwenye banda lake la kutengenezea baiskeli wakimwita mwoga, naye anaendelea kuziba pancha, hajibu.

Habari hizo zilifika Choma na mgeni aliyekuja mnadani. Asubuhi yake nikamkuta shangazi zizini anakamua. Nikamwamkia, "Shikamoo shangazi." Akaitikia marahaba bila kuinua kichwa, kisha akauliza, "Huyo Masanja alikupa mpira, au uliuchukua?"

Nikashika kamba ya ndama, nikajifanya naikaza.

"Nimekuuliza, Shija."

"Niliuchukua, shangazi."

"Na watu wanajua?"

"Hawajui."

Akakiweka kibuyu chini. "Kukosa goli siwezi kukulaumu, hilo linampata yeyote. Ila mwenzako anaitwa mwoga kwa jambo lako, na wewe uko hapa unakunywa maziwa. Nenda kwenu."

Hakupaza sauti. Afadhali angenichapa.

Nilifika Lusu jioni ya mazoezi, watu wamekaa kwenye nyasi wanatazama. Niliwaamkia wazee, wapo walioitikia, wapo waliotazama kando. Nikasimama pale katikati nikasema, "Masanja hakuogopa. Mimi nilimpokonya mpira, nikakosa, nikakimbia."

Mtu mmoja akacheka. Mwalimu akaniambia nisahau kucheza msimu ule wote. Masanja akanisogelea, akasema, "Wiki tatu ni nyingi, Shija." Kisha akarudi mazoezini.

Hakunikumbatia, mwanangu. Mambo hayaendi haraka hivyo. Lakini tangu jioni ile hakuna aliyemwita mwoga tena. Sisi wawili tulikaa miezi tunasalimiana kwa mbali, mpaka wakati wa kuvuna mpunga akaja mwenyewe shambani kwetu, akashika mundu, akaniuliza habari za mama yangu. Leo wajukuu wake wananiita babu. Na yule binti? Aliolewa Igunga na mume mwema, tunasalimiana vizuri tu.

Basi kabla hujaondoka, nikuambie ninachotaka ukishike. Utakosa. Utakosa mbele za watu, siku ambayo kila mtu anakutegemea, na wala hilo si la kukuondoa kijijini. Lakini usichukue nafasi ya mwenzako ili uonekane. Na ukishakosea, rudi upesi useme mwenyewe kilichotokea, maana siku unazojificha kuna mtu mwingine anatukanwa badala yako, na siku hizo huwezi kumrudishia.

Mungu akujalie kinywa kisichoogopa kusema "ni mimi", akupe marafiki wenye subira na wewe, na popote utakaporudi, ukute mlango haujafungwa. Nenda salama, mwanangu.