Baiskeli Haipangi Foleni

Wiki jana hapa Malaba niliwakuta waendesha baiskeli wameinamia ramani, wakipanga kupanda Mlima Elgon mwezi ujao. Nikakumbuka alasiri moja ya utotoni.

Mlima tuliuona kila siku, ng'ambo ya foleni ya malori. Madereva walilalamika kwamba kuvuka mpaka kulichukua siku tatu, kwa hiyo mimi na binamu yangu Nekesa tukaamini kinachofanya mahali pawe mbali ni foleni.

“Baiskeli haipangi foleni,” Nekesa alisema. “Tutafika juu na kurudi kabla ugali haujaiva.”

Tulifunga viazi vitamu kwenye leso, tukamwomba baba baiskeli yake ya bodaboda, aliyobebea madereva wa malori, yenye kiti cha sponji kilichonuka jasho na dizeli. Baba hakucheka. Alipaka mnyororo mafuta, akajaza magurudumu upepo.

“Mtaenda,” alisema. “Lakini kwanza pandeni kilima cha kanisa bila kushuka.”

Hatukufika hata nusu. Tulikula viazi palepale, tukiilaumu baiskeli.

Jana nilikipanda kilima hicho bila kushuka. Leo asubuhi nimewapigia wale wenye ramani, waniandike jina.