Karani wa Mfalme Aliyekwisha Kufa

Mwaka ule nililinda maonyesho ya vitu vya kale kwenye hoteli moja ya West Bay, mtaa wa maghorofa katika nchi ya Kiarabu yenye jua kali. Nilisimama kando ya kibao cha udongo, kidogo kama kipande cha sabuni, ambacho hakuna mgeni aliyekitazama mara mbili. Maelezo yake niliyasoma hadi nikayakariri: mfalme mmoja wa Babeli alitawala miezi michache tu, akauawa na watu wa ikulu yake, na karani wa mji wa mbali akaendelea kuandika tarehe za vibao kama hiki kwa jina la mfalme huyo, kwa kuwa habari za kifo hazikuwa zimemfikia.

Mimi nilikuwa ndani, penye kiyoyozi. Mwenzangu wa chumbani, Mganda, aliwekwa getini, juani. Mwezi wake wa tatu kazini alianguka palepale, akafa.

Kesho yake jina lake lilikuwa bado kwenye daftari la mahudhurio. Msimamizi akaandika kwa wino mwekundu: hayupo. Siku ya pili, hayupo. Siku ya tatu akanipa barua ya onyo nimpelekee.

"Bosi, si tulimpeleka mochwari pamoja?"

"Ofisi haijamfuta. Mpelekee."

Nimpelekee wapi? Asubuhi iliyofuata niliwahi kufika, nikachukua kalamu, nikajaza mbele ya jina la marehemu: yupo, ameingia saa kumi na mbili.

Yule karani wa Babeli ana udhuru, hakujua. Mimi nilijua, na nikamwandika kila siku hadi daftari likaisha.