Familia Kwanza, Malishoni

Juzi hapa Garsen tulikalishwa semina ya wanaokaribia kustaafu, wake zetu pembeni. Mwezeshaji kutoka Nairobi akatuamuru tutaje tunachokithamini zaidi, kisha tupange maisha kwa kukifuata.

Ofisa mmoja, Muorma wa jamii ya wafugaji, akaweka mkono kifuani. "Familia." Tukampigia makofi.

"Na mpango wako?" mwezeshaji akauliza.

"Kuhama na ng'ombe wangu. Kiangazi deltani, mvua ikinyesha, nyikani."

Mkewe akaweka ushungi wake sawa. "Na sisi?"

"Nyinyi mtabaki mjini, mpumzike."

"Baba watoto, kila ng'ombe unamjua kwa jina, na mamake pia. Kitinda mimba wetu yuko gredi ya ngapi?"

Bwana akaomba maji ya kunywa.

Mwezeshaji akampongeza kwa kutanguliza familia. Kweli ameitanguliza, ila hakuna aliyemuuliza ina miguu mingapi.