Jumapili ya Thelathini na Sita

Mimi ni mkunga, na kazi yangu huanza na hesabu. Mama akija kituoni kwetu hapa Vulamba, mjini Butembo, namwuliza siku aliyoanza kuona damu mara ya mwisho. Naongeza siku saba, kisha naongeza miezi tisa, namwandikia tarehe kwenye karatasi yake. Nimefanya hivyo miaka kumi na tisa. Kwa hiyo asije mtu akasema kwamba mimi, Berthe, sikujua kuhesabu.

Wifi yangu Kanyere, dada mkubwa wa mume wangu Delphin, alitufikia mwanzoni mwa Oktoba na kifurushi kimoja. Ni mjane, hana mtoto aliye hai. Shamba lake liko nje kidogo ya Mulekera, kule Beni, na vita vilimtoa huko wiki tatu tu baada ya kumaliza kuozesha vanila yake. Tunasema kuozesha kwa sababu ua la vanila halizai lenyewe. Linafunguka asubuhi moja, nawe inabidi uliwahi na mwiba wa mlimau, uunganishe dume na jike kwa kidole, ua baada ya ua. Kanyere alikuwa ameozesha maua elfu mbili na ushee, peke yake, na la mwisho lilikuwa Jumamosi tarehe 14 Septemba.

Tukampa chumba cha binti zangu, na binti wakahamia sebuleni kwenye mkeka. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, lakini jembe la kumpa Kanyere alime wapi? Hapa mjini hatuna shamba hata la kupanda kitunguu. Mwanamke aliyelima tangu usichana akawa anashinda kwenye kiti cha plastiki uani, ametazama ukuta wa jirani. Akiona sufuria anaisugua, hata kama imekwisha kusuguliwa. Alikonda. Alitembea kwa kunyata ndani ya nyumba ya mdogo wake. Nilimhurumia, tena nilimchoka. Nayasema yote mawili kwa kuwa yote mawili ni kweli.

Tumaini lake lilikuwa moja tu. Avune vanila ile, auze, anunue kiwanja kidogo pembeni ya mji na kusimamisha nyumba ya mbao ambayo ufunguo wake ataushika yeye. Alikwisha kuamua mpaka upande ambao mlango utatazama.

Shida ilikuwa njia. Hakuna mtu aliyekwenda shambani peke yake siku zile. Wanajeshi walisindikiza wakulima, kila shamba safari moja kwa msimu, kwa tarehe iliyoandikishwa mapema. Hapo Kanyere akakwama, maana maisha yake yote hakuwahi kuhesabu miezi ya vanila. Alizoea kuamka, kwenda na kutazama ncha ya tunda. Ikianza kuwa ya manjano, anakata. Sasa alitakiwa kuijua siku hiyo kwa kichwa, akiwa amekaa Butembo, kilomita hamsini na kitu kutoka kwenye matunda yake.

Akabuni njia yake. Tangu afike, kila akitoka misa aliweka punje ya haragwe ndani ya mkebe, baada ya kuweka kwanza zile za Jumapili zilizokwisha kupita tangu ua la mwisho. Jumapili ya Matawi, jioni, nikiwa napiga pasi, akamwaga mkebe mezani.

"Vanille ni miezi tisa, sawa mutoto mu tumbo," alisema. "Mwezi moja ni badimanche ine. Mara tisa, inafika makumi tatu na sita. Tayari iko makumi tatu na moja. Inabakia tano. Belle-sœur, dimanche ya tano itakuwa tarehe ngapi?"

Nikatazama kalenda ukutani, kidole kikaishia 18 Mei. "Dix-huit, mwezi wa tano."

Nilimjibu alichouliza, nikaishia hapo. Mwezi hauna Jumapili nne tu. Una siku mbili tatu za ziada, na kwa miezi tisa siku hizo zinafika wiki tatu nzima. Kutoka 14 Septemba, miezi tisa inatimia 14 Juni. Hesabu hiyo ndiyo inayonilisha. Nilifungua mdomo nimwambie, nikawaona binti zangu wananyang'anyana mkeka, nikaufunga. Nikajiambia vanila si mtoto, huenda inawahi. Nikajiambia yeye ndiye mkulima. Ukweli ni kwamba nilikitaka kile chumba, na Mei ilikuwa karibu kuliko Juni.

Baada ya Pasaka nilimsindikiza Beni kujiandikisha, kwa sababu hasomi. Adjudant Ignace, mwanajeshi kutoka jimbo la Équateur, alikuwa amekaa nyuma ya meza na daftari lake.

"Mama, leta date. Moko kaka, moja tu. Nikiisha andika, hapana kubadirisha."

"Tarehe makumi mbili, mwezi wa tano," Kanyere alisema, akichukua Jumanne inayofuata Jumapili yake ya thelathini na sita. "Mardi."

Adjudant akanigeukia mimi. "Mama, weye unajua kusoma. Ni vile?"

"Ni vile," nilisema.

Siku hiyo ilipofika wakampeleka. Alirudi jioni, gunia amelikunja chini ya kwapa. Delphin akamwuliza vanila iko wapi.

"Yote iko mubichi," alisema. "Hakuna hata moja yenye imeanza jaune. Nikamulomba adjudant date ingine, akasema safari yangu imeisha. Kama ningekata, ni sawa kukata majani tu."

Mwishoni mwa Juni jirani yake wa Mulekera alipita kwetu na habari. Vanila ilikuwa imeiva vizuri, na wezi walikuwa wameivuna yote. Kanyere alimsikiliza amesimama. Kisha aliingia chumbani, akafunga mlango, na hakutoka mpaka kesho yake mchana.

Nilimfuata uani.

"Yaya, dada yangu," nikasema, "ile hesabu ya badimanche haikukuwa sawa. Nilijua. Nilijua tangu siku ile."

Nilitaka anitukane. Angenitukana ningepumua. Uso wake ulikuwa umechoka tu.

"Nasikiaka vile unahesabiaka bamama date yabo," alisema. "Njo maana nilihesabia mbele yako. Nikawaza, kama nimekosea, Berthe ataniambia. Ukanyamaza. Nikajua iko sawa."

Nilianza kuanua nguo kwenye kamba, na zote zilikuwa bado zinachuruzika maji.