Bega la Nne

Nilisomea maendeleo ya vijijini hapa Butembo kwa miaka mitano, leo nafundisha jiografia katika shule ya sekondari, na darasani mwangu sipokei jibu lisilo na ushahidi. Nalitanguliza hilo ili mjue kwamba si mtu wa kupenda maajabu anayewasimulia. Jambo hili lilinipata nikiwa na akili zangu zote, tena saa sita mchana, si usiku, juu ya mgongo wa mlima ninaoujua jiwe kwa jiwe.

Mgongo huo uko mashariki ya mji, pale ambapo nchi yetu ya baridi inakatika ghafla na kuanguka hadi bonde la ziwa. Ukiufuata kuelekea kusini, kuliani mwako kuna mashamba ya viazi na kabichi, na kushotoni hakuna kitu ila hewa. Siku isiyo na ukungu unaliona ziwa likimetameta chini kabisa, na asubuhi za bahati, ukigeuka nyuma, unaiona theluji ya Ruwenzori. Njia ni ya miguu tu. Nilikuwa nimenunua kwa mchuuzi wa Beni baiskeli ya milimani, ya mtumba lakini nzima, yenye gia na breki za diski, na kila Jumapili baada ya misa nilipanda nayo huko. Jinsi tairi linavyoguguna changarawe, jinsi mteremko unavyokuita na upepo unavyokufuta machozi kabla hayajashuka, sijui kuyaeleza vizuri. Nilikuwa na furaha, basi.

Wanawake waliotoka mashambani walinicheka. Kwetu baiskeli, ambayo watu huiita kinga, ni chombo cha kubebea ndizi na makaa. Mtu anayeisukuma mlimani ikiwa haina mzigo ni kichekesho. Mmoja wao aliniuliza, "Prof, unapandaka na kinga bule, unashukaka na kinga bule. Kule juu unauzishaka upepo?" Nikamjibu kwa uzito wote kwamba mlima huu vizazi vyetu vimeujua kwa mizigo na kwa kukimbia vita, nami natamani wanafunzi wangu waujue pia kwa furaha. Wakacheka zaidi.

Sasa nisikilizeni. Ilikuwa wiki ya mvua kubwa. Dada yangu Masika, kifungua mimba wa mama yetu, ambaye ndiye aliyenilea, ameolewa katika kijiji cha mwisho cha mgongo ule. Mume wake, Kasereka, alikuwa Beni akiuza kakao. Asubuhi ile nilipigiwa simu na baba mkwe wake, Mzee Paluku: Masika amejifungua mtoto wa kiume, mtoto mzima, lakini damu ya mama haikomi. Muuguzi wa kituo cha afya akaichukua simu na kuniambia bila kuzunguka kwamba anahitaji mifuko miwili ya damu kabla ya saa nane mchana, na kwamba baada ya hapo nisikimbie tena.

Hospitali mjini walikuwa nayo damu. Kilichokosekana kilikuwa njia. Mto ulikuwa umebeba daraja la barabara ya chini, malori yamelala kwenye matope, na kila dereva wa pikipiki niliyemsihi alitikisa kichwa. Mmoja alinionyesha pikipiki yake na kuniuliza kama naona ina mabawa. Nikalifunga sanduku la baridi lenye mifuko miwili ya damu mgongoni kwa mipira ya tairi, nikaondoka kwa baiskeli yangu kupitia njia ya mgongo saa nne na nusu. Siku ya jua safari ile ni mwendo wa saa tatu. Siku ile haikuwa ya jua.

Kabla sijaendelea, lazima niwaeleze desturi moja. Kwetu mgonjwa asiyeweza kutembea hubebwa kwa kipoyi, yaani machela ya mianzi yenye ncha nne, na kila ncha ina bega lake. Ukikutana na kipoyi njiani, hata kama unaelekea upande mwingine, unaweka chini ulicho nacho, unageuka na wabebaji, unapokea ncha moja kwa kipande cha njia ili mbebaji apumzike. Huombwi. Na mtu aliyepita bila kufanya hivyo, jina lake hutajwa kwa miaka.

Ukungu ulipanda kutoka bondeni nilipokuwa nusu ya njia. Sikuona zaidi ya hatua kumi. Nikapunguza mwendo, na hapo wakatokea mbele yangu, wakielekea mjini nilikotoka: wanaume watatu na kipoyi. Watatu, si wanne. Ncha moja ya nyuma haikuwa na mtu. Ilining'inia, na mbebaji wa ncha nyingine ya nyuma alikuwa ameifunga kwa kamba kwenye mkono wake ili isiburute chini. Aliyelala juu alikuwa amefunikwa blanketi jekundu lenye kona iliyoungua. Makoti yao yalikuwa yanachuruzika maji.

Yule wa nyuma, mtu mzima mwenye kikohozi, alisema taratibu, "Tusaidie bega moja tu, Prof."

Nilimjibu nikiwa bado juu ya baiskeli, "Baba, munisamehe. Niko na damu ya dada yangu hapa mugongo. Nikikawia, atakufa."

"Basi pita, mutoto. Tutafika tu."

Nikapita. Uso uliniwaka, lakini nilijiambia kwamba hata desturi ina akili, na kwamba wao wenyewe wameelewa. Kwamba alinijua kuwa mimi ni mwalimu, hilo sikulifikiria wakati ule. Nikateremka mteremko mrefu wa mawe, nikipita kasi yote niliyowahi kuthubutu, breki zikilia. Chini yake ukungu ukafunguka kidogo, na mbele yangu, wakija kwangu vilevile, walikuwa watatu na kipoyi.

Akili yangu ya jiografia ilifanya kazi yake haraka. Wiki ya mvua ina wagonjwa wengi. Vipoyi viwili njia moja, kuna ajabu gani? Lakini kona ya blanketi ilikuwa imeungua. Na kabla sijafungua kinywa, mtu wa nyuma alikohoa na kusema, "Basi pita, mutoto," kama anayemalizia mazungumzo tuliyokuwa tumeyaanza. Nilikanyaga bila kutazama nyuma, nikisali sala za utotoni kwa Kinande, maana Kifaransa chote kilikuwa kimenitoroka.

Mara ya tatu niliwakuta mahali pembamba kuliko pote, ambapo njia ina upana wa mlango, kuliani kuna ukuta wa mwamba na kushotoni kuna bonde. Safari hii hawakuniomba kitu. Yule wa nyuma alinitazama, akawaambia wenzake neno, na wote watatu wakasogea upande wa bonde, visigino vyao vikiwa ukingoni kabisa, ile ncha isiyo na mtu ikielea juu ya utupu. Walisogea ili mimi nipite.

Niambieni, wangetaka kunidhuru wangefanya hivyo? Niaminini, hofu ilinitoka pale pale, ikabaki aibu. Mguu wangu ulikuwa tayari kwenye kanyagio. Nafasi ilikuwapo. Lakini nililitazama lile blanketi na kujua kwamba chini yake kuna dada wa mtu. Nikaona kwamba nikimwokoa Masika kwa njia hii, nitakuwa nimemwokoa aje kuishi katika nchi ya watu wanaopita.

Nikaiegemeza baiskeli kwenye mwamba. Sanduku nikalihamishia kifuani, nikaifungua kamba mkononi mwa yule mtu, nikaiweka ncha ya nne begani, nikamgeuzia Masika mgongo na kuelekea nao mjini. Niliwaambia nitabeba hadi kwenye mikaratusi niliyoipita nyuma, basi.

Ncha ilikuwa nzito kama gogo lililolala mtoni. Nilijikwaa mara mbili, na mmoja wa mbele akasema bila kugeuka, "Huyu anabeba sawa mutu anashika chaki." Mwenzake akacheka. Mimi pia nilicheka. Sijui nguvu hiyo niliitoa wapi. Kisha nikamuuliza yule wa kikohozi, aliyebeba kando yangu, mgonjwa ni nani. Alisema ni dada yao, amezaa, damu haikatiki. Nikauliza wamebeba tangu lini. Akajibu tangu siku ile ya kukimbia.

Ni siku gani ya kukimbia? Kwetu ziko nyingi. Sikuuliza. Niliuliza tu wa nne yuko wapi.

"Alisikia masasi, akakumbuka mutoto yake kwenye nyumba. Akarudia kumubeba," alisema. "Hapana kosa. Hatumulaumu. Weye ungefanya vile vile."

Tukaenda. Hatua zangu nilizisikia, zao sikuzisikia. Na hapo mkono ukatoka chini ya blanketi, mkono wa mwanamke, mweupe kwa kukosa damu, ukalishika sanduku kifuani mwangu kama mtu anavyopima joto la paji la uso la mtoto. Sauti yake ilikuwa ya chini sana.

"Ya miye ilikawia," alisema. "Hii isikawie."

Uzito ukaniondoka begani. Nilipepesuka kama mtu aliyesukuma mlango uliokuwa wazi. Ukungu ulikuwa ukipasuka, jua likashuka juu ya mabati, na mabati yale yalikuwa ya kituo cha afya. Nilikuwa nimesimama juu ya kijiji cha dada yangu, peke yangu, kwa miguu, nikiwa nimetembea kuelekea mjini. Simu ilionyesha saa saba na robo. Hakuna baiskeli duniani ambayo ingenifikisha wakati ule.

Masika alipata damu yake. Nilikaa nje kwenye benchi na Mzee Paluku tukisubiri, muuguzi akatoka kidogo kuniosha bega. Shati lilikuwa limechanika, na kwenye ngozi kulikuwa na alama nyekundu ya mwanzi, upana wa viganja viwili, yenye unyevu wa kuvu. Nikawasimulia yote. Muuguzi alijifanya ishara ya msalaba. Mzee Paluku ni mtu wa maneno machache, na tangu nimjue hajawahi kupita njia ya mgongo. Tulidhani ni magoti. Nilipofika kwenye jibu lao kuhusu yule wa nne, aliweka kikombe chini.

"Walisema hivyo?" aliuliza. "Sema tena."

Nikasema tena: hatumulaumu. Kisha akatueleza kwamba bega la nne lilikuwa lake. Wale wengine walikuwa majirani zake, ndugu watatu waliombeba dada yao siku ya kukimbia vita. Risasi ziliposikika nyuma alitua ncha yake na kurudi mbio kumchukua mwanawe wa miaka miwili. Aliporudi njiani na mtoto mgongoni hakumkuta mtu. Hawakupatikana tena, wala kipoyi, wala blanketi. Mtoto yule ni Kasereka, mume wa Masika.

Sasa mnaelewa damu ile ilikuwa inakwenda kwenye nyumba ya nani, na akina nani waliosogea ili ipite.

Kesho yake vijana walinirudishia baiskeli. Walisema waliikuta pale pembamba, imeegemea mwamba, mwendo wa saa mbili kutoka kijijini. Mwezi mmoja baadaye, siku ya ukungu, Mzee Paluku aliondoka nyumbani mchana bila fimbo, akapanda mgongo. Alirudi kabla ya jua kuzama, koti lake limekwaruzika begani. Aliomba ugali, akala, akalala hadi asubuhi, jambo ambalo mke wake anasema hakuliona kwa zaidi ya miaka ishirini. Tangu hapo hakuna aliyewaona tena wale watu watatu.

Mimi naendelea kupanda. Wanafunzi kumi na mmoja hupanda nami Jumapili, na kwa magurudumu mawili ya baiskeli tumetengeneza kipoyi ambacho mtu mmoja anaweza kukisukuma mahali njia ilipo pana. Pale pembamba bado tunabeba kwa mabega manne. Ukungu unapotoka bondeni, bega langu la kulia huuma kama lina kitu juu yake, nami sijawahi kumwendea daktari kwa ajili hiyo.

Nawe unayesoma, labda una haraka kuliko niliyokuwa nayo, na labda sababu yako ni njema kuliko yangu. Ukikutana na watu wanaobeba na ncha moja haina mtu, usianze kuchunguza kama miguu yao inasikika. Weka bega. Mimi niliachiwa njia mara tatu. Sijui wewe utaachiwa mara ngapi.